Jani la Tumbaku Lina la Kufundisha Mashamba ya Maharagwe

Katika jani la tumbaku lililoambukizwa na bakteria Pseudomonas syringae, doa dogo la kahawia huzungukwa na duara la njano pana kuliko doa lenyewe. Duara hilo ni kazi ya sumu iitwayo tabtoksini, inayozuia kimeng'enya cha kunasa amonia ndani ya seli, na jani hupoteza ukijani wake. Mvua ya upepo husambaza bakteria haraka, nao huingia kupitia matundu ya jani na michubuko. Mkulima wa Migori au Homa Bay, nchini Kenya, hulipwa kwa daraja la jani, kwa hiyo madoa hayo ni hasara hata kama mmea haukufa.

Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza North Carolina mwaka 1917. Miaka 30 baadaye, mtaalamu Clayton alieleza tumbaku iliyorithi kinga kutoka kwa jamaa yake wa Amerika Kusini, Nicotiana longiflora. Kinga hiyo ilibebwa na jeni moja tu, ikawa rahisi kuhamisha, na ikaingizwa katika aina kama Burley 21. Lakini bakteria nao hubadilika. Kundi jipya liliishinda kinga hiyo, ikabidi wataalamu wa Zimbabwe watafute nyingine kwa Nicotiana rustica. Naamini hilo ndilo somo kubwa la tumbaku: jeni moja humpa mkulima nafuu, lakini pia humfundisha bakteria njia ya kupita.

Huenda mtu akauliza kwa nini tujishughulishe na tumbaku, ilhali mashirika ya Umoja wa Mataifa WHO, FAO na WFP yamewasaidia wakulima wa Migori kuiacha na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Swali ni la haki, na kwangu ndilo linaloupa ujuzi huu thamani. Maharagwe nayo yana baka la bakteria aina ya Xanthomonas, linalochoma kingo za jani na kuacha ukingo wa njano ya limau. Kinga imepatikana kwa jamaa yake wa nchi kame, haragwe la tepari, ikiwemo sehemu ya DNA iitwayo SU91 katika kromosomu ya 8 na BC420 katika ile ya 6. Kuziunganisha mbili hizo katika mbegu moja, ili bakteria asizipite kwa urahisi, ni kazi ndefu kuliko kuhamisha moja, ila alama za DNA huwaonyesha wataalamu miche iliyorithi zote mbili bila kungoja ugonjwa uzuke.

Wapo watakaosema dawa ya shaba inatosha. Shaba huzuia bakteria walio juu ya jani. Haiwafikii waliokwisha kuingia, na kila mvua inadai unyunyizaji mwingine unaogharimu pesa. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba bakteria wa maharagwe husafiri ndani ya punje, na wakulima wengi hupanda walichohifadhi msimu uliopita. Hapo kinga ya jeni haitoshi peke yake: mbegu izidishwe katika mashamba safi yanayokaguliwa na KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, na iuzwe kwa bei ambayo aliyeiacha tumbaku ataimudu.