Kidonge cha Kabichi na Mlango wa Kizazi

Mama wa Endiinzi aambiwapo kwamba chembechembe za mlango wa kizazi chake zimeanza kugeuka, hurudi nyumbani na hofu kubwa. Si ajabu basi akimsikiliza yeyote amwambiaye kuwa kuna kidonge cha kabichi kiponyacho hali hiyo.

Habari hiyo haikuzuka bure. Kabichi ikitafunwa hutoa kemikali ambayo tumboni hugeuka kuwa nyingine, iitwayo diindolimethani. Mwaka 2000 zilitangazwa habari za jaribio dogo la Marekani: katika wanawake 17 wenye chembechembe zilizoharibika sana waliomeza kemikali ile ya kwanza, 8 walipona kabisa, katika 10 waliopewa kidonge kitupu, hakupona hata mmoja. Ilikuwa habari ya kutia moyo, lakini watu 17 ni wachache mno.

Huko Wales, Uingereza, walijaribiwa wanawake 551 wenye kasoro ndogo, na matokeo yakatolewa mwaka 2012. Baadhi yao walimeza miligramu 150 za diindolimethani kila siku kwa miezi 6. Wengine walimeza kidonge kitupu bila kujua. Haikuonekana tofauti ya kutegemewa. Hata miongoni mwa waliomeza kidonge kitupu wapo waliopona, kwa kuwa kasoro ndogo huletwa na kirusi cha papiloma, na mara nyingi mwili wenyewe hukifukuza. Aliyekula kabichi akapona angeisifu kabichi!

Kabichi na ipikwe, ni mboga njema. Hatari ni kungojea kidonge huku kasoro kubwa ikielekea kwenye saratani. Kipimo cha siki ni chepesi: mhudumu hupaka siki, sehemu yenye kasoro ikageuka nyeupe, na majibu hupatikana papo hapo. Sehemu hiyo huweza kugandishwa au kuchomwa kabla haijawa saratani. Kwa wakazi wa Endiinzi na Nakivale, hospitali kubwa ya rufaa iko Mbarara.

Askari aliye kazini mbali asimshuku mkewe. Kirusi hicho hupita kwa kujamiiana na huweza kujificha miaka mingi. Pengine ni yeye mwenyewe aliyekileta. Binti wa miaka 10 apelekwe kupata chanjo, ambayo Uganda ilianza kuitoa nchini kote mwaka 2015. Mama naye aanze kupimwa afikapo miaka 30, au 25 ikiwa anaishi na virusi vya UKIMWI.