Kalamu mkono huu, mtoto mkono ule

WATU wa Chovai wakiniona na daftari huniuliza, "Mwanangu, leo waandika deni la nani?" Siwalaumu. Kisiwani kwetu daftari ni la mwenye duka, la mchuuzi wa kamba na papa mkavu, au la nahodha anayepiga hesabu ya petroli kabla ya safari ya Kisimayu. Mama wa watoto watatu aliyeketi kizingitini akitunga utenzi, hilo ni jambo ambalo hata mume wangu hulieleza kwa wageni huku akikohoa kidogo.

Naandika kila kitu, msomaji. Naandika nyimbo za arusi, nikilipwa kwa kanga au kwa kilo mbili za sukari. Naandika michezo mifupi ya redio ya watoto. Naandika barua na maombi ya watu waliorejea ambao wanadai kiwanja cha marehemu baba yao na hawajui waanzie wapi. Na naandika mashairi yangu, ambayo hakuna aliyewahi kunilipa hata ndururu. Kati ya yote hayo, ni zile barua zinazonunua unga.

Kusoma nilijifunza ukimbizini. Mwaka wa 1991 mama yangu alinipakia jahazini nikiwa na miaka tisa, tukaishia Mombasa, katika kambi ya Jomvu. Mwalimu wangu wa kwanza alinichapa kwa kusema "mchu" pale alipotaka "mtu", na hadi leo nikiandika Kiswahili cha shule nasikia kijiti chake mgongoni. Kambi ilipofungwa mwaka wa 1997 baadhi ya wenzetu walirejea visiwani. Sisi tulibaki Kenya. Mimi nilirudi Chovai baada ya miaka mingi, tayari nina mume na mimba ya pili.

Waama, mimi si wa kwanza pwani hii. Kusini yetu, kisiwani Pate, Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mnamo 1858. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyepambana na Sultani wa Zanzibar, alikuwa amekwisha kufariki. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa; ndani ya utendi anasema maradhi yalikuwa yametimiza mwaka. Alikuwa na binti, Mwana Hashima, aliyekaribia miaka 17, na mwana wa kiume aliyekuwa bado mdogo. Anamwita binti akae karibu, alete wino na karatasi. Miaka michache baadaye akafariki.

Utendi huo aghalabu husomwa kwa ajili ya mafunzo ya mke kwa mumewe, na wanaume huupenda sana kwa sababu hiyo. Mimi husoma kitu kingine. Namwona mama anayejua kwamba muda wake ni mfupi, ana beti mia moja hivi za kumaliza, na bado nyumba inamtaka. Hujiuliza yule mtoto mdogo alikuwa wapi mama akitunga. Nani alimlisha siku hizo? Utendi hausemi.

Swali hilo lilinikamata vibaya miaka michache iliyopita. Kituo kimoja cha redio kilikuwa kimeniagiza mchezo wa vipindi sita, na mashua ya kupeleka bahasha yangu Kisimayu ilikuwa ing'oe nanga alfajiri. Usiku huo nilikuwa kwenye kipindi cha tano. Kitindamimba wangu aliniita kutoka kitandani. Nikasema, "Ngoja." Akaita tena. Nikasema, "Ngoja, mama anamaliza." Mara ya tatu hakuita, nami nikashukuru kimya kile, nikaandika hadi mafuta ya taa yakakaribia kwisha.

Nilipoenda kulala nilimkuta mwili unawaka kama jiko, macho yamepinduka.

Mashua ile ile iliyokuja kuchukua bahasha ndiyo iliyotuchukua sisi. Bahari ilikuwa chafu. Njiani niliichana bahasha nikatoa karatasi, nikawa nampepea mwanangu kwa kipindi cha kwanza na cha pili. Maji ya chumvi yakarashia wino, ukashuka mikononi mwangu. Ilikuwa malaria. Tulikaa Kisimayu siku tisa na mtoto akapona, alhamdulillahi. Mchezo wa redio akapewa mtu mwingine.

Niliporudi sikushika kalamu kwa miezi minne. Mume wangu hakunilaumu hata neno moja, na afadhali angenilaumu. Ni mama yangu aliyekuja, akaketi na ukili wake, akaanza kusuka mkeka. Mama hajui kusoma. Baba yake alikuwa na shamba barani na alikuwa mwimbaji wa vave, ule ushairi wetu Wabajuni wa usiku wa kuamkia kuchoma msitu. Mama amezilea mimba saba na nyimbo zisizo na idadi.

"Mimi nilitunga nikiwa na wewe mgongoni," akasema. "Wewe wataka mtoto alale kwanza. Mtoto halali, mwanangu."

Sikubaliani naye kwa kila jambo. Utenzi waweza kuutunga ukikuna nazi. Barua ya madai ya kiwanja huwezi, neno moja likipotea mtu amekosa haki yake. Hata hivyo, nilibadilisha mwendo. Barua naandika baada ya sala ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka, na anayetaka yake jioni namrudisha kesho. Beti natunga kwa mdomo, jikoni, watoto wakinizunguka. Mizani nane kila kipande. Wao huhesabu kwa vidole, na nikizidisha wananipigia kelele. Usiku mtoto akiita, nainuka kwa mwito wa kwanza. Kuna mashairi yaliyopotea kwa sababu hiyo. Najua yalivyoanza, sijui yalivyomalizika.

Wafanyabiashara wa Kiunga na Lamu wananijua sasa. Wakija huniletea madaftari makubwa, nayo nayaweka ndani ya ndoo yenye kifuniko, maana unyevu wa bahari hula karatasi haraka kuliko mchwa. Katika moja nimeanza kuandika nyimbo za mama. Nimefika ya 31. Yeye amezeeka, na siku nyingine huchanganya beti za huku na kule, nami siwezi tena kumwambia angoje.

Juzi ndoo ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoiacha. Daftari moja halimo. Nikamkuta kifungua mimba wangu, wa miaka 12, nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta wa mawe, anaandika huku akihesabu vidole. Nikamwita akateke maji.

"Ngoja, mama," akasema bila kuinua kichwa. "Nimebakisha kipande kimoja."

Nikachukua mtungi nikaenda kisimani mwenyewe.