Vitu vya Mababu Katika Nyumba ya Watawa

Wazee wetu wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa waliwajua mapadre na mabruda Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898, Kigonsera mwaka 1899, na Litembo mwaka 1914. Asili ya watawa hao ni abasia ya St. Ottilien, huko Bavaria, Ujerumani. Lakini ni wachache kwetu wanaojua kwamba katika abasia hiyo mna nyumba ya makumbusho yenye vitu vya Afrika ya Mashariki.

Mgeni aingiaye humo huona silaha, ngoma, vinyago, mapambo na vyombo vya nyumbani, pamoja na wanyama waliokaushwa. Wamisionari walivipeleka ili watu wa kwao wapate kujua maisha ya huku.

Je, vitu vya namna hii vilipatikanaje? Zamani za Wadachi vingine vilinunuliwa, na vingine vilitolewa zawadi. Lakini tukumbuke Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata. Siku zile si kila aliyeombwa kitu chake aliweza kukataa. Kwa hiyo ni haki kuuliza, na kuuliza si kukosa shukrani.

Tena yafaa kujua kwamba kitu kilichokwenda mbali chaweza kurudi. Mwaka 1925 Abate Norbert Weber alipata huko Korea kitabu cha picha 21 za mchoraji Jeong Seon. Kilikaa St. Ottilien miaka mingi. Mwaka 2005 kilirudishwa Korea ya Kusini, kikapokewa na Wabenediktini wa Waegwan.

Basi, wazazi, tutazame na nyumbani kwetu. Mtungi wa bibi twaona ni kitu cha kizamani, twautupa. Mtumbwi wa gogo moja waoza ufukweni. Kitu kilichoko Ulaya angalau kina paa juu yake. Cha kwetu kinaliwa na mchwa, na jina lake lasahauliwa.

Na mali nyingine haiingii katika kabati la kioo. Nani awezaye kubeba ngoro ya Wamatengo? Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba. Wanawake huchimba katikati na kuzifunika kwa udongo. Nyasi zikioza huwa mbolea, na mashimo huzuia maji ya mvua yasiteremshe udongo mlimani. Elimu hiyo hukaa katika mikono ya watu tu. Mikono ikiacha kazi, hakuna makumbusho yatakayoirudisha.

Jioni hii mwite mtoto, mwonyeshe kinu, ungo na nyengo. Mwambie jina la kila kimoja kwa Kimatengo au Kinyasa, nani alikitengeneza, na kwa kazi gani. Ayaandike katika daftari lake la shule. Siku vitu vya mababu vitakaporudi, lazima awepo nyumbani mtu wa kuvitambua.