Mapishi ya Kichina kwa Nyama Ngumu ya Kimironko

Katika soko la Kimironko, wilayani Gasabo jijini Kigali, wateja wengi wa bucha huulizia kwanza iroti, ile nyama tupu isiyo na mfupa, na hukubali kulipa zaidi ili waipate. Imvange, yaani mchanganyiko wa mifupa, kano na mafuta, huuzwa kwa bei ya chini. Mpishi anayetaka kuandaa nyama ya ng'ombe kwa mtindo wa Kichina, kwenye sufuria ya umeme inayopika polepole, hana sababu ya kugombania iroti. Kinachomfaa ni kifua, bega, shingo au muundi, na vyote hivyo viko upande wa bei nafuu.

Sababu ni kolajeni. Hii ni protini ngumu inayozifunga nyuzi za msuli na kuzishikamanisha na mfupa, nayo hujaa kwenye misuli inayofanya kazi kila siku. Ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu, aliyetembea malishoni kwa miaka, ana kolajeni iliyokazana kadiri umri ulivyosonga. Ikipata joto la nyuzi 60 hivi, hujikunyata na kuikamua nyama maji yake. Ndiyo maana nyama iliyochemshwa kwa saa moja huweza kuwa ngumu kuliko ilivyoingia sufuriani. Wapishi wengi hukata tamaa hapo na kuilaumu bucha. Lakini joto likidumu juu ya nyuzi 70 kwa saa kadhaa, kolajeni hiyohiyo huyeyuka ikawa jelatini, ule utelezi unaoufanya mchuzi ushike midomo na nyama iachane kwa uma. Steki laini haina kolajeni ya kutosha kuyeyuka. Ikikaa kwenye sufuria ya polepole siku nzima hutoka kavu, nyuzinyuzi.

Kigali ina jambo lake la ziada. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100 za Dar es Salaam au Mombasa. Nyama iliyolainika Dar kwa muda fulani jikoni itataka muda zaidi Kimironko, hata moto uwe mkali kiasi gani, kwa sababu maji yanayochemka hayapandi zaidi ya hapo. Presha kuka hutatua tatizo hilo kwa kuubana mvuke. Sufuria ya polepole hailitatui. Inalikwepa tu, maana yenyewe haikukusudiwa kuchemsha. Hupanda taratibu hadi karibu na kiwango cha kuchemka, ikatulia hapo saa nane mfululizo mwenye nyumba akiwa kazini.

Kwa umeme, sufuria ya wati 250 hutumia takriban uniti 2 kwa saa hizo nane. Haki isemwe: presha kuka ya umeme huimaliza kazi hiyo kwa chini ya hapo, na familia inayohesabu kila uniti ya Cash Power, umeme wa kulipia kabla, ina sababu nzuri ya kuichagua. Sufuria ya polepole humfaa asiyeweza kusimama jikoni.

Chombo chenyewe ni cha Marekani. Irving Naxon wa Chicago alipata hataza yake mwaka 1940, akiwa amesimuliwa na mama yake jinsi jamaa zao Wayahudi wa Lithuania walivyolaza vyungu vya chakula cha Sabato katika tanuri la mwokaji. Mwaka 1971 kampuni ya Rival ikaanza kukiuza kwa jina la Crock-Pot. China ilikuwa imeifahamu kanuni hiyo zamani sana. Mshairi Su Shi, aliyeishi kati ya 1037 na 1101, aliandika shairi la kusifu nyama ya nguruwe, na ushauri wake ni maji kidogo, moto mdogo, na subira hadi nyama iive kwa wakati wake. Nyama ya ng'ombe inayopikwa kwa soya, sukari na tangawizi hadi ikawa na rangi nyekundu ya kahawia hufuata njia hiyohiyo.

Na viungo? Tangawizi, kitunguu saumu, majani ya vitunguu na pilipili vipo sokoni. Pilipili kavu za Rwanda zenyewe zimeruhusiwa kuingia soko la China tangu 2021. Mchanganyiko maarufu wa viungo vitano vya Kichina kwa kawaida huwa na mdalasini, karafuu, shamari, anisi yenye umbo la nyota na pilipili ya Sichuan. Viwili vya mwanzo ni wenyeji wa kabati lolote la pilau, na karafuu imefungamana na Zanzibar tangu karne ya 19. Wachina waliijua mapema zaidi, kutoka visiwa vya Maluku: katika enzi ya Han, maofisa waliokwenda kuzungumza na mfalme waliiweka kinywani ili pumzi yao inukie. Anisi ya nyota ikikosekana, shamari huziba pengo, kwani zote mbili zina anetholi, ile harufu tamu inayotambulika mara moja.

Sosi ya soya inahitaji mkono mwepesi. Kijiko kimoja kikubwa kina miligramu 900 hivi za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke 2,000 kwa siku. Vijiko sita kwa kilo moja na nusu ya nyama, kwa walaji sita, vinatosha. Chumvi isiongezwe kabla ya kuonja mwishoni.

Nyama ikatwe vipande vikubwa, ichemshwe dakika tano, povu limwagwe. Ikaushwe, kisha ikaangwe kwenye kikaango cha moto mkali hadi iwe kahawia. Hatua hii haifungi maji ndani ya nyama kama inavyosemwa. Inaleta ladha ambayo haipatikani chini ya nyuzi 140 hivi, na sufuria ya polepole haitafika huko kamwe. Nyama iingie sufuriani na soya, vijiko viwili vya sukari, vipande vya tangawizi, punje sita za saumu, kijiti cha mdalasini, karafuu tatu, kijiko kidogo cha shamari na kikombe kimoja tu cha maji ya moto. Kifuniko huzuia mvuke kutoka na nyama hutoa maji yake, kwa hiyo anayemimina maji kama ya mchuzi wa kawaida atapata supu. Wachina huongeza divai ya mchele. Nyumba isiyotumia pombe itapata uchachu mzuri kwa kijiko cha siki kabla ya kupakua. Mchuzi uzitishwe na konflawa iliyokorogwa kwa maji baridi, uliwe kwa wali na dodo, yaani mchicha, au kwa viazi vya Musanze, ambavyo huunyonya vizuri sana.

Onyo moja lisipuuzwe katika nchi inayopenda maharage kiasi hiki. Maharage mekundu mabichi yana sumu iitwayo lektini, na joto la sufuria ya polepole linaweza lisitoshe kuiondoa. Anayetaka kuyachanganya na nyama ayaloweke, amwage maji hayo, kisha ayachemshe kwa nguvu jikoni walau dakika kumi. Hapa Kigali, ambako kuchemka ni nyuzi 95 tu, nusu saa ni salama zaidi.

Umeme ukikatika wakati hakuna mtu nyumbani, ikawa haijulikani chakula kilikaa muda gani chini ya nyuzi 60, kimwagwe hata kama kinanukia vizuri. Kinachobaki mezani kigawanywe kwenye vyombo vya kina kifupi na kuingia kwenye friji ndani ya saa mbili. Kesho yake kipashwe moto jikoni hadi kichemke, si kwenye sufuria ya polepole, ambayo huchelewa mno kukivusha katika joto ambalo bakteria hustawi. Mchuzi ulioganda kwa jelatini ukiyeyuka tena, humwagwa juu ya tambi zilizochemshwa pembeni, zikiwa bado za moto.