Kibali cha Jike na Hatima ya Msitu wa Pennsylvania

Mwaka 1907 jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwanusuru kulungu wake: dume mwenye pembe awindwe, jike asiguswe. Wakati ule ilikuwa sheria ya busara. Misitu ilikuwa imefyekwa, nyama ya kulungu ilikuwa imeuzwa sokoni bila mpaka kwa miaka, na wanyama walikuwa karibu kwisha. Jimbo lilifikia hata kuagiza wengine kutoka nje. Dawa ikaponya, kisha ikazidi kipimo: kulungu wakawa wengi mno.

Siri iko kwenye uzazi. Dume mmoja hupanda majike kadhaa katika msimu mmoja, kwa hiyo hata ukiua nusu ya madume, ndama wa mwaka unaofuata hawapungui kwa kiasi cha maana. Jike mzima aliyeshiba vizuri kwa kawaida huzaa mapacha. Mbwamwitu na puma walikwisha kumalizwa tangu karne ya 19, akabaki mwindaji peke yake. Baadaye msimu wa majike ulifunguliwa, lakini kwa siku chache, na vizazi vya wawindaji vilikuwa vimelelewa kuamini kwamba kumpiga jike ni aibu.

Aliyelipa ni msitu. Katika miaka ya 1980, watafiti wa serikali walifungia kulungu ndani ya uzio kaskazini-magharibi mwa jimbo kwa viwango tofauti, kuanzia 10 hadi 80 kwa kila maili moja ya mraba. Idadi ilipopanda, aina za miche ya miti zilipungua, kangaga ambazo kulungu hawazipendi zikatanda chini, na ndege wanaojenga viota kati ya ardhi na vilele vya miti wakawa wachache. Mti mkubwa ukianguka, hapakuwa na mdogo wa kushika nafasi yake. Kulungu wenyewe walikuwa wakila chakula cha watoto wao.

Mageuzi yalikuja chini ya mwanabiolojia Gary Alt, aliyekabidhiwa mpango wa jimbo wa kusimamia kulungu mwaka 1999 na kuzunguka jimbo zima akiwaelimisha wawindaji. Msimu wa dume na wa jike ukaunganishwa, vibali vya majike vikaongezwa. Mwaka 2002 ikaja kanuni ya pembe: dume asipigwe mpaka upande mmoja wa pembe uwe na ncha 3, au 4 katika eneo la magharibi. Zamani madume wengi waliouawa walikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu tu. Miaka ya karibuni zaidi ya nusu wamekuwa na miaka miwili na nusu au zaidi.

Kanuni ya pembe ndiyo inayosifiwa, na mimi naona inasifiwa kuliko inavyostahili. Haipunguzi kundi. Thamani yake kubwa ni kwamba ilimpa mwindaji kitu cha kutamani, yaani dume mkubwa, huku akiombwa akubali kupiga majike. Kazi yenyewe hufanywa na kibali cha jike, kinachotolewa kwa mgao wa kila kanda. Wengi wenye kibali hurudi mikono mitupu, hivyo vibali lazima viwe vingi kuliko majike wanaokusudiwa kuvunwa. Asiyelijua hilo akiona takwimu za vibali hudhani kundi linaangamizwa.

Tangu 2012 kuna jambo jipya. Ugonjwa wa kudhoofika, unaoharibu ubongo wa kulungu na usio na tiba wala chanjo, uligunduliwa jimboni. Visababishi vyake, ambavyo ni protini zilizoharibika, hudumu udongoni kwa miaka, na madume wakubwa huathirika zaidi kuliko wadogo. Kanuni inayomlinda dume kijana azeeke sasa inapingana na vita dhidi ya ugonjwa. Katika kanda zilizoambukizwa, kanuni ya pembe ndiyo ya kulegezwa kwanza, na vibali vya majike visipunguzwe hata wawindaji wakilalamika kwamba siku hizi wanaona kulungu wachache.