Kufundisha Teknolojia kwa Vitendo: Somo la Chekeche

Neno teknolojia linapotajwa, walimu wanafunzi wengi huwaza kompyuta. Wakipangiwa shule isiyo na kompyuta wala umeme, huona kwamba somo hilo haliwezekani. Yafaa tuanze kwa kuliondoa wazo hilo. Teknolojia ni matumizi ya maarifa katika kutatua shida. Mtoto huijifunza kwa kutengeneza kitu, kukijaribu na kukirekebisha.

Mwaka 1967 Seymour Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Afrika Kusini, alishirikiana na wenzake nchini Marekani kubuni Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Mtoto aliandika maagizo ya kuchora umbo. Umbo likienda kombo, alitafuta agizo lililoliharibu, akalisahihisha mwenyewe. Mwezi Machi mwaka huo huo, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, iliyotaka kazi na masomo viungane. Lakini mahali pengi jembe lilipokewa, swali likaachwa: mtoto alilima bila kuulizwa kwa nini. Kazi ya mikono isiyo na swali haifundishi sayansi.

Tuchukue mfano wa Maganzo, mji ulio jirani na mgodi wa Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Huko wachimbaji wadogo hutafuta almasi kwa chekeche na maji. Mtoto wa Maganzo anakifahamu kifaa hicho, lakini kukifahamu si kujua sababu ya kufanya kwake kazi.

Maandalizi

Somo hili lafaa Darasa la Tano, kwa vipindi viwili vinavyofuatana. Kila kundi la wanafunzi watano lipewe kopo fupi na pana, msumari, nyundo, beseni la maji, mchanga, kokoto ndogo, na nati kumi za chuma zinazolingana na kokoto kwa ukubwa. Mwalimu akunje kingo kali za makopo kabla ya kipindi.

Hatua za somo

1. Mwalimu aulize: "Tutatenganishaje nati na vitu vingine bila kuokota moja moja?" Asitoe jibu.

2. Wanafunzi watoboe makopo yao, wakiamua wenyewe ukubwa na idadi ya matundu, kisha wachekeche. Watagundua kwamba mchanga unapita, lakini kokoto na nati zimebaki pamoja. Chekeche limetenganisha kwa ukubwa tu.

3. Sasa walizamishe chekeche katika maji na kulitikisa juu na chini mara nyingi. Maji yanapopanda huziinua kokoto nyepesi. Nati nzito hushuka chini. Kisha walipindue chekeche ghafla juu ya ubao, kama mpishi apinduavyo ugali, na nati zitaonekana juu. Kundi lisilofaulu libadili matundu, mwendo au kiasi cha mawe, lijaribu tena.

4. Mwalimu aeleze kwamba almasi ina uzito wa takriban mara 3.5 ya maji ya ujazo ule ule, na chembe nyingi za mchanga takriban mara 2.6. Tofauti hiyo ndogo ndiyo mchimbaji anayoitegemea.

Mwalimu mwenye simu ya kamera anaweza kupiga picha za video za zoezi na kuzionyesha polepole, ili wanafunzi waone yale ambayo jicho halikuyawahi. Hapo simu imekuwa zana ya kuchunguzia.

Tahadhari

Mawe yatoke uwanjani, kamwe yasitoke machimboni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi ya hatari, na kazi ya migodi ni mojawapo. Hatuna budi kulitilia mkazo jambo hili, kwa maana mtoto anayeona kwamba darasani hakuna linalohusu maisha yake hushawishika upesi kwenda kwenye mashimo. Somo hili limpe maarifa ya machimbo bila kumpeleka huko.

Kupima maendeleo

Tusihesabu nati pekee. Kila kundi lieleze: lilibadili nini, kwa nini, na nini kilitokea? Kundi lililopata nati sita likajua sababu ya kuzikosa nne limejifunza zaidi ya lile lililopata kumi kwa bahati. Mwalimu aandike majibu hayo katika andalio lake, kwani ndiyo yatakayomwonyesha pa kuanzia kipindi kijacho.