Mwenyekiti wa Mkutano wa Nchi Nzima



Je, umewahi kuhudhuria mkutano wenye ugomvi? Huyu anadai shamba. Yule anadai njia ya ng'ombe. Kila mtu anataka kusema kwanza. Hapo ndipo unapoiona kazi ya mwenyekiti. Akipendelea upande mmoja, mkutano unavunjika.

Leo soma habari za mtu aliyeongoza mkutano wa nchi nzima. Jina lake ni Laurent Monsengwo. Alizaliwa mwaka 1939 katika nchi ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alipata upadri mwaka 1963. Mwaka 1988 akawa Askofu Mkuu wa Kisangani.

MKUTANO WAFUNGWA

Wakati huo Kongo iliitwa Zaire. Rais Mobutu alikuwa ametawala tangu mwaka 1965. Watu walichoka. Mwaka 1991 ukafunguliwa mkutano mkuu wa taifa mjini Kinshasa. Wajumbe walizidi 2,800. Walibishana sana. Mwishowe walimchagua Monsengwo awe mwenyekiti. Yeye hakuwa kiongozi wa chama chochote.

Januari 1992 serikali iliufunga mkutano. Jumapili, tarehe 16 Februari, Wakristo waliandamana wakidai ufunguliwe. Hawakuwa na silaha. Askari waliwapiga risasi. Watu wengi walikufa.

Mwezi Aprili mkutano ukafunguliwa tena. Mwezi Agosti wajumbe walipiga kura. Walimchagua Étienne Tshisekedi kuwa Waziri Mkuu.

Je, matatizo yalikwisha? Hapana. Mobutu hakutaka kugawana madaraka. Mwaka 1997 aliondolewa kwa vita. Maneno yalikataliwa, bunduki zikasema.

KARDINALI

Wapo waliomlaumu Monsengwo kwamba alimvumilia mno Mobutu. Lakini hakutafuta urais. Alibaki katika kazi ya Kanisa. Mwaka 2010 Papa alimfanya kardinali, yaani mmoja wa washauri wake, na mmoja wa wanaomchagua Papa mpya. Hata alipozeeka, alikemea wazi serikali ilipowapiga waandamanaji. Alifariki tarehe 11 Julai 2021.

NA SISI JE?

Ndugu msomaji, unapochagua mwenyekiti, usitazame ukoo wake wala mali yake. Jiulize: mtu huyu anajua kusikiliza? Na ukichaguliwa wewe, mpe nafasi hata mnyonge aseme.

Wazee walisema, panapo wazee hapaharibiki neno. Ni kweli, wazee hao wakisikiliza.